Egemeo

Gitaa la Aune halikuwahi kuwa mti.
Halikuota, halikukatwa, halikulia shoka likipita.
Limefumwa kwa nyuzi za kaboni, jeusi kama jiko lililozimwa jana,
na ukilipiga kofi linajibu
kama ndoo tupu yenye adabu.

Alilinunua mwaka ule lile la mbao lilipopasuka kifua
saa nane usiku, Januari, hapa Thunder Bay,
nje baridi nyuzi thelathini chini ya sifuri,
ndani kipasha-joto kikinyonya unyevu hadi midomoni mwa watu.
"Sikulizika," aliniambia. "Nililichochea sauna."

Hili jipya halijui majira.
Lakini lina ukingo,
na Aune ana mshipa.

Madaktari waliushona katika kigasha cha kulia,
maana wa kushoto uliganda wiki ya tatu.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, sindano mbili
humtoa damu, mashine huifua, humrudishia.
Ukiuwekea kidole unavuma:
nyuki ndani ya chupa, hachoki, halali.
"Huu usibanwe," alisema muuguzi Marivic.
"Saa usivae. Mfuko usining'inize. Mjukuu asiulalie."
Gitaa hakulitaja.
Aune naye hakuuliza.

Mimi ni fundi wa makabati ya jikoni.
Alinijia na gitaa mgongoni
na mstari mwekundu mkononi, umenyooka kama wa rula.
Nikasema: matundu mawili, skrubu mbili, kwisha.
Akanitazama kana kwamba nimesema tumtoboe yeye.
Na kweli kaboni haipatani na keekee: hubanduka tabaka tabaka,
vumbi lake ni miba usiyoiona.
Gundi, basi? Gundi niijuayo mimi hunywewa na mbao;
hapa ilikaa kama maji mgongoni mwa bata.

Kesho yake akaleta skii ya Urho.
Moja. Ya birchi. Mwenzake ilivunjikia ziwani,
wala hakueleza zaidi.
"Ncha imeshapinda," alisema. "Usihangaike kuikunja."

Nikaikata shubiri moja. Msumeno ulipoingia
alitoka nje kutazama theluji,
theluji ileile tuliyokuwa nayo tangu Novemba.

Mkunjo haukulingana.
Ulikuwa umefundishwa kupanda theluji,
si kukumbatia nyonga. Nikapiga randa, nikapima,
nikapiga, nikajikata dole gumba, nikapima.
Msasa wa themanini, wa mia na ishirini, wa mia nne,
hata nta ya zamani ndani ya nyufa ikaamka
na karakana yote ikanuka lami na mtu anayerudi nyumbani.

Nikalibandika kwa utepe wenye gundi pande mbili,
ule wa kushikilia vioo vya bafu.
Lilidumu wimbo mmoja na nusu,
likatumbukia kwenye kahawa yangu.

Aune alicheka mpaka akaketi. Kisha akafungua mkoba,
akatoa vile vitambaa vya spiriti wanavyompa kliniki,
akaufuta ukingo wa gitaa kwa duara, kutoka kati kwenda nje,
jinsi wanavyomfuta yeye kabla ya sindano.
"Ngozi kwanza," alisema.
Tukapasha utepe kwa kikausha nywele.
Tukakandamiza wote wawili, viganja vinne,
yeye akihesabu Kifini hadi mia. Mimi nilipotea kwenye kumi na sita.

Akapiga.
Kigasha kilipanda juu ya birchi kikatulia,
na kifua cheusi, kwa kuwa hakilaliwi tena,
kikatoa sauti ambayo sikujua
kwamba tulikuwa tunaizuia.

Alipomaliza akainua mkono. Hakuna mstari.
Akauegemeza sikioni, macho kayafumba,
kama mtu anayesikiliza kama maji yamechemka.
Yumo, akasema.

Akauliza bei. Nikasema anipe kahawa nyingine.
Skii iliyobaki ingetosha maegemeo manane; nilimwambia aiache.
Aliichukua.
Niliiona ikipita mtaani, imetokeza dirishani mwa gari,
butu, ikielekea mbele.